Louis Leakey: Mwana wa Kabete aliyetafuta undugu wa binadamu na sokwe

Wageni wanaofika Kinigi, wilayani Musanze, kuwatazama gorila wa milimani husikia jina la Dian Fossey hata kabla ya kuanza kupanda mlima. Wanaosafiri kwa boti kutoka Kigoma hadi Gombe, nchini Tanzania, husikia jina la Jane Goodall. Jina la mtu aliyewatuma wanawake hao wawili hutajwa kwa nadra zaidi. Mtu huyo hakuwahi kuishi na gorila wala na sokwe mtu. Maisha yake aliyamaliza akichimba mifupa na mawe. Ni Louis Seymour Bazett Leakey, mzaliwa wa Kabete nchini Kenya, aliyefariki dunia mwaka 1972.

Leakey aliyashikilia mambo mawili kwa nguvu ile ile. La kwanza ni kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika, wakati ambapo wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa wakilitafuta barani Asia. La pili ni kwamba ukoo wa binadamu uliachana na ukoo wa sokwe zamani mno, yapata miaka milioni 20 iliyopita, hata undugu uliobaki kati yao ukawa wa mbali sana. Katika jambo la kwanza wakati ulimpa haki. Katika la pili ulimnyima, na hakuishi kuyaona matokeo yake.

Kijana wa Kabete

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake, Harry na Mary Leakey, walikuwa wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza waliokuwa wakihubiri katika nchi ya Wakikuyu, karibu na Nairobi, mji ambao siku hizo ulikuwa bado mchanga sana. Mtoto huyo alikua akicheza na watoto wa Kikuyu, akizungumza lugha yao kama wao, na kujifunza kwao namna ya kutega wanyama na kumvizia mnyama bila kumshtua. Alipofikisha umri wa miaka 13 hivi aliingizwa katika rika la vijana wa Kikuyu, akapewa jina la Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Kama vijana wenzake wa rika, alijijengea kibanda chake mwenyewe nje ya nyumba ya wazazi.

Katika miaka hiyo hiyo alisoma kitabu cha watoto kuhusu watu wa enzi za mawe, kisha akaanza kuokota mawe meusi yang'aayo kama kioo, ambayo huzaliwa na volkano. Jamaa zake waliyaona kuwa mawe ya kawaida. Aliyapeleka kwa Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho ya Nairobi, naye akamthibitishia kwamba baadhi yake yalikuwa zana zilizochongwa na binadamu wa kale. Tangu siku hiyo kijana huyo hakuwa na shaka juu ya kazi atakayoifanya maishani.

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Kanuni za chuo zilimtaka mwanafunzi afanye mtihani wa lugha za kisasa, naye akaomba Kikikuyu kikubaliwe kuwa mojawapo. Kilikubaliwa. Kisa hicho alipenda kukisimulia mpaka uzeeni. Alipoumia kichwani katika mchezo wa raga na kushauriwa apumzike masomo, alikwenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, pamoja na msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria. Huko ndiko alikojifunza kazi ya uchimbaji kwa vitendo.

Dau la pauni 10

Mnamo mwaka 1871 Charles Darwin alikuwa ameandika kwamba, kwa kuwa gorila na sokwe mtu huishi Afrika, yaelekea wazazi wa kale wa binadamu nao waliishi Afrika. Hoja hiyo ilibaki vitabuni tu kwa muda mrefu. Visukuku vilivyojulikana zaidi vilitoka Java na baadaye China, kwa hiyo walimu wa Leakey walimshauri asipoteze muda wake Afrika. Hakuwasikiliza.

Mwaka 1931 alikwenda kwa mara ya kwanza katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanganyika, pamoja na Mjerumani Hans Reck aliyekuwa amelichimba mwaka 1913. Reck hakuwa ameona zana za mawe. Leakey alimwekea dau la pauni 10 kwamba angezipata ndani ya saa 24 tangu wafike. Alizipata kabla muda huo haujaisha.

Ushindi wa haraka namna hiyo ulimjengea tabia iliyomletea sifa na aibu kwa zamu. Alitangaza mapema. Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Victoria, mfanyakazi wake Juma Gitau aliona kipande cha taya, na Leakey akakitangaza kuwa cha binadamu wa kale kuliko wote waliojulikana. Wataalamu wa Uingereza walimkubalia kwanza. Miaka mitatu baadaye mwanajiolojia Percy Boswell alifika Kenya kuhakiki. Vigingi vya chuma vilivyowekwa kuonyesha mahali pa kuchimbia havikuwapo tena, na picha moja iliyochapishwa ilionekana kuwa ya mahali pengine. Boswell aliandika kuwa ushahidi haukutosha, na jina la Leakey likaingia doa katika vyuo.

Doa la pili lilikuwa la nyumbani. Alikuwa amemwoa Frida Avern mwaka 1928, wakapata watoto wawili. Mtoto wa pili akiwa bado mchanga, alimwacha mkewe kwa ajili ya Mary Nicol, msanii aliyemchorea picha za zana za mawe. Ndoa ilivunjwa mwaka 1936, akamwoa Mary mwaka huo huo. Cambridge ya siku hizo haikulisamehe jambo kama hilo kwa urahisi, na milango ya ualimu ilifungwa. Leakey akarudi Kenya bila kazi ya kudumu. Ukweli ni kwamba aliyeachwa na mumewe alipoteza zaidi, ingawa masimulizi mengi ya maisha ya mtaalamu huyo humtaja Frida kwa mstari mmoja tu. Mary, kwa upande wake, alikuja kuwa mchimbaji makini kuliko mumewe. Yeye ndiye aliyepata fuvu la Proconsul katika kisiwa cha Rusinga mwaka 1948, kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita.

Mkalimani wa Kapenguria

Maisha ya Leakey yana ukurasa mwingine ambao hauhusu mifupa, lakini huwezi kumwelewa bila kuusoma. Alijiona Mkikuyu kwa malezi, na aliandika kitabu kirefu mno kuhusu mila za jamii hiyo, ambacho kilichapishwa baada ya kifo chake. Hata hivyo, vita vya Mau Mau vilipoanza alisimama upande wa serikali ya kikoloni. Jomo Kenyatta na wenzake waliposhtakiwa Kapenguria mwishoni mwa 1952, aliyeteuliwa kuwa mkalimani wa mahakama alikuwa Leakey.

Mkalimani hutarajiwa awe kama dirisha, maneno yapite bila kupata rangi. Leakey alikuwa amekwisha chapisha kitabu cha kuishutumu Mau Mau. Wakili mkuu wa utetezi, D. N. Pritt, alilalamika kwamba tafsiri zake zilielemea upande mmoja, naye Leakey akajitoa. Mwaka 1954 binamu yake, Gray Leakey, aliuawa katika vita hivyo. Miongoni mwa Wakikuyu wapo waliomwona kuwa mtu aliyeijua lugha ya rika lake na kuitumia dhidi ya rika lake. Alipojitoa mahakamani alikuwa na lugha mbili na hakuaminika katika mojawapo.

Fuvu la Zinji

Tarehe 17 Julai 1959 Leakey alikuwa kambini Olduvai akiugua homa. Mary alitoka peke yake na mbwa wake, akaona meno mawili makubwa yakichomoza kwenye mteremko. Yalikuwa ya fuvu lililokuwa limevunjika vipande vingi, lenye magego makubwa na uso mpana. Leakey alilipa jina la Zinjanthropus boisei. Neno Zinj ndilo ambalo Waarabu wa kale waliitia pwani ya Afrika Mashariki, na ndilo linalosikika hadi leo katika jina la Zanzibar. Boisei lilitokana na Charles Boise, tajiri aliyefadhili uchimbaji.

Mwaka 1961 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliyapima majivu ya volkano yaliyolifunika fuvu hilo kwa kutumia madini ya potasiamu. Jibu lao lilikuwa miaka milioni 1.75, mara tatu hivi ya umri ambao Leakey mwenyewe alikuwa ameukisia. Magazeti ya dunia yaliandika, na fedha za utafiti zikaanza kumiminika kutoka Marekani. Mwaka 1964 yeye na wenzake wawili, Phillip Tobias na John Napier, walimtangaza zamadamu mwingine wa Olduvai, Homo habilis, wakisema ndiye aliyechonga zana za mawe za bonde hilo. Zinji aliwekwa kando kama tawi lililokauka.

Kutengeneza zana ndicho kilikuwa kipimo. Wanasayansi wengi wa wakati huo walikubaliana kwamba mnyama aweza kuokota jiwe akalitumia, lakini ni binadamu peke yake atengenezaye chombo kwa kusudi. Hapo ndipo palikuwa mpaka.

Wanawake watatu

Leakey alijua kwamba mifupa haisemi jinsi kiumbe alivyolea watoto au alivyogombana na jirani yake. Kwa kuwa zamadamu wametoweka, aliona njia iliyobaki ni kuwatazama ndugu zao walio hai. Ikiwa tabia fulani wanayo binadamu na sokwe wa leo pia, basi huenda babu yao wa pamoja alikuwa nayo. Hoja hiyo ni nyepesi kuieleza, lakini katika miaka ya 1950 karibu hakuna aliyekuwa tayari kukaa porini miezi na miaka ili kuijaribu.

Mwaka 1956 alimtuma katibu wake, Rosalie Osborn, Kisoro nchini Uganda, kwenye miteremko ya Muhavura, kuwafuatilia gorila. Jaribio hilo lilidumu miezi tu. Mwaka uliofuata alikutana Nairobi na msichana wa Kiingereza asiyekuwa na shahada yoyote, Jane Goodall. Leakey aliamini kwamba wanawake ni wavumilivu zaidi katika kutazama, na kwamba akili isiyojazwa nadharia huona vizuri zaidi. Fedha za kuanzia, dola 3,000, alizipata kwa Leighton Wilkie, mwenye kiwanda cha zana na mashine huko Marekani.

Goodall aliwasili Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na mama yake, kwa sababu wakuu wa serikali hawakuruhusu msichana akae porini peke yake. Novemba mwaka huo alimwona sokwe mtu dume akitumbukiza bua la nyasi katika tundu la kichuguu, akilitoa likiwa limejaa mchwa, na kuwala. Kisha akawaona wakichuma vijiti vyenye majani, wakiyapukutisha majani kwanza ndipo wavitumie. Yaani walikuwa wakitengeneza chombo. Fedha za mwenye kiwanda cha zana zilikuwa zimegharamia habari ya kwamba binadamu si fundi pekee.

Leakey alipopata habari alijibu kwa telegramu iliyokuja kuwa maarufu. Aliwaambia wanasayansi kwamba sasa walipaswa kuchagua: wabadili maana ya chombo, wabadili maana ya binadamu, au wamkubali sokwe mtu kuwa binadamu. Alimpeleka Goodall Cambridge, ambako alipata shahada ya uzamivu bila kupitia shahada ya kwanza.

Dian Fossey alikuwa Mmarekani aliyefanya kazi na watoto wenye ulemavu. Alimkuta Leakey Olduvai mwaka 1963, na wakakutana tena Marekani mwaka 1966. Leakey alimshauri akatolewe kidole tumbo kabla ya kwenda milimani, palipo mbali na hospitali. Fossey alifanyiwa upasuaji, kisha akapata barua ya Leakey ikieleza kwamba hakumaanisha kwa dhati, alitaka tu kumpima moyo. Ni mzaha ambao mgonjwa ndiye pekee aliyeulipia. Fossey alianzia Kabara, upande wa Kongo, lakini Julai 1967 machafuko yalimlazimisha kuondoka. Septemba 24 mwaka huo alianzisha kambi ya Karisoke hapa Rwanda, kati ya Karisimbi na Bisoke. Wa tatu, Biruté Galdikas, alikwenda Borneo mwaka 1971 kuwachunguza orangutani.

Gorila waliodhaniwa kuwa madubwana yenye kiu ya damu walionekana kuwa familia tulivu za wala majani, zenye baba anayewatetea watoto wake hadi kufa. Fossey aliuawa Karisoke Desemba 1985, akazikwa huko huko karibu na gorila wake. Hesabu ya mwaka 1981 ilikuta gorila 254 tu katika safu yote ya Virunga. Ile ya 2015 na 2016 ilikuta 604.

Miaka milioni mitano

Wakati wanawake hao wakiukaribia mpaka kutoka upande wa sokwe, Leakey mwenyewe aliendelea kuusogeza mbali. Mwaka 1961, huko Fort Ternan nchini Kenya, alipata taya la kiumbe wa miaka milioni 14 iliyopita, akamwita Kenyapithecus na kumweka katika ukoo wa binadamu. Mwaka 1967 alitangaza mwingine wa kale zaidi, wa yapata miaka milioni 20. Alidai hata kwamba kiumbe wa Fort Ternan alitumia jiwe kuvunjia mifupa.

Mwaka huo huo wa 1967, wanasayansi wawili wa Berkeley, Vincent Sarich na Allan Wilson, walilinganisha protini za damu ya binadamu na za sokwe. Tofauti zilikuwa ndogo mno. Kwa hesabu yao, binadamu na sokwe wa Afrika waliachana yapata miaka milioni mitano tu iliyopita. Ikiwa ni kweli, hakuna kiumbe wa miaka milioni 14 awezaye kuwa babu wa binadamu peke yake.

Leakey alikataa. Hakuwa peke yake, kwani wachunguzi wengi wa visukuku walikataa pia. Lakini chuo kilichompa miaka milioni 1.75, naye akaipokea kwa shangwe, kilikuwa kile kile kilichompa sasa miaka milioni mitano, naye akaisukuma kando. Maabara iliaminika ilipouzidisha umri wa fuvu lake, haikuaminika ilipoupunguza umri wa ukoo wake.

Leo Kenyapithecus huwekwa miongoni mwa sokwe wa kale. Makadirio ya sasa huweka utengano wa binadamu na sokwe mtu kati ya miaka milioni 6 na 7 hivi iliyopita, wengine huongeza kidogo. Vinasaba vya binadamu na sokwe mtu, katika sehemu zinazoweza kulinganishwa moja kwa moja, hufanana kwa karibu asilimia 99. Gorila waliachana na ukoo huo kabla, na orangutani mapema zaidi. Maana yake ni jambo ambalo wengi hulisikia mara mbili kabla ya kuliamini: ndugu wa karibu zaidi wa sokwe mtu si gorila, ni binadamu. Wala haimaanishi kwamba binadamu alitokana na sokwe watu wa leo. Wote wawili walitokana na babu mmoja ambaye hayupo tena. Leakey, mtoto wa wamisionari, alizoea kulieleza hilo mbele ya hadhira za waumini, na hakuona kwamba linapingana na imani yake.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya safari nyingi na afya mbovu. Alizunguka Marekani akihutubia ili kukusanya fedha za watu aliowatuma porini. Huko California aliunga mkono madai ya zana za kale sana huko Calico, ambayo wataalamu wengi hawakuyakubali, na jambo hilo lilizidisha ufa kati yake na Mary. Pia aligombana na mwanawe Richard, aliyekuwa akichimba mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwishoni mwa Septemba 1972 Richard alimletea fuvu lililopewa namba 1470, lililopatikana na Bernard Ngeneo. Lilikuwa na ubongo mkubwa na lilidhaniwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 2.5. Baba alifurahi sana, akaona limethibitisha aliyoyasema siku zote kuhusu ukale wa ukoo wetu, na wawili hao wakapatana. Baadaye umri wa fuvu hilo ulisahihishwa ukashuka hadi karibu milioni 1.9, lakini Leakey hakuwapo tena.

Alifariki London kwa ugonjwa wa moyo tarehe 1 Oktoba 1972, akiwa na umri wa miaka 69. Jane Goodall naye alifariki tarehe 1 Oktoba, mwaka 2025. Leakey alirudishwa Kenya na kuzikwa Limuru, karibu na makaburi ya wazazi wake. Familia ilikawia kuweka jiwe la kumbukumbu, na karibu mwaka mzima ulipita. Richard alipokwenda hatimaye kuliweka alikuta kaburi lina jiwe tayari. Lilikuwa limewekwa na Rosalie Osborn, yule katibu aliyetumwa Kisoro mwaka 1956.